Mdogo Wangu na Nukta Zinazokuja Mbili Mbili

Mdogo wangu, kitindamimba wa mama yetu, kazini wanamwita Mama Mtambo. Chumba chake hakina dirisha. Ndani kuna bomba la chuma lililojikunja likawa pete kubwa, na ndani ya bomba hamna kitu, hata hewa wameinyonya. Humo huzunguka vitu visivyoonekana kwa macho: atomi mbili za haidrojeni zilizoshikana, zikipungukiwa elektroni moja. Ayoni, ndivyo zinavyoitwa. Mimi naziona kama ndugu wawili waliofiwa, wameshikana mikono, wanatembea tu bila kufika.

Hamu yake ya siku zote ilikuwa kuona zikiachana. Watu hudhani kitu huvunjwa kwa nguvu. Yeye anasema elektroni ikija mbio hupita tu, kama mgeni asiyebisha hodi. Sharti iende mwendo uleule wa ayoni, bega kwa bega, mpaka udhani zote zimesimama. Hapo ayoni huipokea. Na ikishaipata ile iliyokosekana, ndipo atomi mbili huachana, kila moja na njia yake. Nikamwambia hiyo ni ndoa ya binamu yetu: walimlilia mtoto miaka yote, alipozaliwa wakaachana. Akacheka mpaka akakohoa.

Mwaka huu anastaafu, na zamu yake kwenye mtambo ilikuwa inaisha Ijumaa. Baada ya hapo chumba wanapewa wengine. Kwenye kioo kilicho mwisho wa tawi lililonyooka linalotoka kwenye pete, ambako vipande vikigonga hung'aa, zilitokea nukta chache za kubahatisha. Akaongeza elektroni anazozituma ziandamane na ayoni, akaongeza tena. Nukta zikazidi kupungua. Nyumbani akawa halali wala hali, anakoroga chai iliyokwisha poa.

Alhamisi akaja kunichukua kliniki. Mimi fimbo siitaki, na anayenipita mbio simwitikii salamu. Akapunguza mwendo, tukaenda sambamba. Shule ikafungua lango, watoto wakatumwagikia, tukawa hatuendi tena, tunaelea katikati yao kama maganda kwenye maji. Akashika mkono wangu.

"Dada, nimezijaza mno."

"Nini?"

"Elektroni. Zinasukumana, za katikati zinachelewa. Ayoni zinaziacha nyuma."

"Basi zipunguze. Hilo nalo la kukukosesha usingizi?"

Kesho yake nikafuatana naye. Mlinzi akasema wageni hawaruhusiwi. Nikamwambia huyu nimembeba mgongoni, mgeni ni wewe. Akatupisha.

Mdogo wangu akapunguza kundi la elektroni, kisha akazungusha kitufe cha mwendo polepole, kama anayemlaza mtoto. Kioo kilikuwa cheusi. Ikatokea nukta, na ubavuni mwake nukta nyingine. Kisha mbili tena. Alinieleza kwa kunong'ona kwamba zikishaachana hazina umeme, sumaku zinazozungusha ayoni kwenye pete haziwezi kuzipinda, huchomoka zikaenda moja kwa moja mpaka kiooni.

"Zimeachana," akasema.

Mpaka leo nashikilia kwamba ni mwendo wangu uliomfungua macho. Yeye anasema ni watoto wa shule. Hatujakubaliana.

Alikaa, mikono mapajani, hagusi kitu. Nukta zikawa zinakuja mbili mbili, kimya kama mvua unayoiona kwa mbali. Zamu ikaisha. Wenye chumba wapya wakafika mlangoni na vikombe vyao mkononi. Wakasimama nyuma yetu wakitazama.