Mafuta ya Baraka Ndani ya Tangi la Nguruwe

Nitawaambia mwenyewe, kabla hamjasikia kwa majirani. Hapa Likasi miye nachunga nguruwe wa Mama Astrid. Juu ya banda lao kuna bomba lenye matundu membamba linalotoa maji laini kama ukungu, wasife na joto la Oktoba. Maji yanageukaje ukungu? Kila siku napanda ngazi kuchungulia, na shule niliiacha mapema, basi nabaki kushangaa tu.

Juzi ukungu ukapungua. Kanisani kwetu chombo kikisumbua tunakipaka mawese yaliyoombewa, hata pikipiki ya mchungaji. Nikatoa chupa yangu mfukoni, nikamimina kidogo kwenye tangi linalolisha bomba. Kesho yake ukapungua zaidi, nikaongeza. Siku ya tatu matundu yote yaliziba, na nguruwe mwenye mimba akalala chini anahema.

Nikamwita Mama Astrid mbio.

"Mama, kuna mutu analoga bomba yetu! Tuombe adui aonekane!"

Hakuomba. Alimmwagia nguruwe ndoo mbili za maji mpaka akasimama, kisha akafungua tundu moja, akanionyesha kidole chake chekundu kwa mawese.

"Adui ameonekana, Papa. Iko na chupa mu mufuko."