Mkwaruzo wa Safari ya Pili

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sindano, nikakasirika kimoyomoyo. Miaka minne nilikuwa nimeshona kwa masista, mashuka na nguo za altare, na kazi katika atelier, karakana ya vyombo vya sauti, niliiomba hasa ili nisishike tena sindano. Nilitaka kile chuma cha kulehemu kinachotoa moshi, na bisibisi mfukoni kama wanaume. Chef d'atelier, mkuu wa karakana, muzee mpole wa kutoka milima ya Masisi, aliiweka sindano mezani kando ya baffle ya kanisa iliyopasuka.

"Wanaume wangu hapa wanapasua zaidi," aliniambia. "Weye uko na mukono ya kushona. Anza na hii."

Kwa vijana ambao leo baffle ikiharibika wanatupa na kununua nyingine, nieleze kidogo. Ndani ya lile sanduku la sauti kuna karatasi ya mviringo, ngumu kidogo, tuliyoiita membrane. Nyuma yake kuna waya mwembamba kama unywele, umezungushwa na kukaa katikati ya sumaku. Umeme ukitoka kwenye ampli, mashine ya kukuza sauti, waya unarukaruka, unasukuma karatasi, na karatasi inasukuma hewa. Hiyo ndiyo sauti yote, hakuna uchawi mwingine. Karatasi ikipasuka, midomo miwili ya mpasuko inasuguana, na mwimbaji mwenye sauti nzuri anasikika kama mtu mwenye mafua.

Dawa yake ilikuwa karatasi laini, ile ya kufungia viatu vipya, na gundi iliyopakwa kwa unyoya wa kuku, kidogo sana. Ukizidisha gundi membrane inakuwa nzito na sauti inatoka kama mtu anaongea chini ya blanketi. Mpasuko ukiwa mrefu unatia mishono kwanza, kwa uzi wa hariri, halafu gundi juu ya mishono. Kisha unaacha ikauke siku nzima. Kwetu Goma, masika, siku mbili. Chef alikuwa akiweka sikio karibu, anapitisha noti moja nzito, anafumba macho. "Kazi yako mutu asiisikie," alisema kila mara. "Mutu akisikia kazi yako, bado haujamaliza."

Nilikaa mezani kwake miaka mitatu. Atelier ilikuwa ya serikali: sisi ndio tuliotunza micro, vile vipaza sauti vya mikutano, na baffle za animation, zile nyimbo na ngoma za chama ambazo kila ofisi ilipaswa kuzicheza enzi za Zaïre. Juu ya Chef alikuwa Citoyen Directeur, maana enzi zile kila mkubwa aliitwa Citoyen, mwananchi; mtu mrefu, abacost yake, lile koti la chama lisilovaliwa na tai, imefungwa vifungo hadi shingoni hata jua likiwa kali. Ndiye aliyenihamishia kwenye kikosi cha uwanja, yaani wale wanaotoka na vyombo na kukaa nyuma ya jukwaa mpaka mwisho. Jina langu, Kahindo, lilikuwa pia limeshaandikwa kwenye orodha ya watakaokwenda Kinshasa kusomea sauti mwaka mzima. Nilikuwa nimeshanunua koti.

Ndipo Orchestre Radi walipokuja mara ya pili.

Radi walikuwa vijana watano wa Bukavu waliopiga rock, tena kwa Kiswahili. Suruali zao zilifagia chini, nywele zao zilikuwa mviringo kama taji. Safari yao ya kwanza walikuwa wamepita Goma kwa meli, na mimi niliwaona nikiwa nyuma kabisa ya watu, nimesimama juu ya jiwe. Safari hii walipitia Butembo, kwa lori. Asubuhi ya Jumapili waliyopaswa kupiga, régisseur wao, msimamizi wa vyombo vyote vya orchestre, aliingia atelier vumbi hadi kwenye nyusi. Kwenye mteremko wa Kabasha jeki ya lori ilikuwa imeruka na kutoboa baffle ya gitaa la solo.

"Chef iko wapi?" aliuliza.

"Ameenda Masisi, kwenye matanga ya ndugu yake."

"Basi weye. Tunapiga saa tisa."

Kazi ile ilitaka siku mbili, nami nilikuwa na saa sita, na mvua ilikuwa inanyesha. Mpasuko ulitoka ukingoni karibu ufike katikati. Nilishona. Nikapaka gundi. Kwa kuwa haikuwa inakauka, nilichukua pasi ya makaa nikaishikilia juu yake, si karibu sana, nikihesabu pumzi zangu. Gundi ikashika juu, chini ikabaki mbichi. Nilipoijaribu, noti nzito zilipita vizuri, lakini juu, pale solo inapopanda, ilikwaruza vibaya.

"Usitumie hii," nilimwambia régisseur. "Weka ingine."

"Hatuna ingine, dada."

Mpiga solo mwenyewe alikuwa ameingia. Alisikiliza kichwa kikiwa upande, akalibeba sanduku begani akatoka nalo.

Mvua ilikatika saa nane. Uwanja wa shule ya mapadri ulijaa. Nilikaa nyuma ya jukwaa, na kila solo ilipopanda ule mkwaruzo ulipanda nayo. Nilimwona Citoyen Directeur mbele, pamoja na wakubwa waalikwa, mama mmoja kati yao ameziba masikio kwa vidole. Baada ya wimbo wa tatu niliwaachia wenzangu waya, nikaenda zangu nyumbani Katoyi. Upepo ulikuwa wa kuelekea huko. Sauti ilinifuata njia nzima, nami nikilia.

Jumatatu niliitwa.

"Citoyenne Kahindo," Directeur alisema bila kunionyesha kiti, "service hii haiwezi kuaibishwa mbele ya wakubwa. Kinshasa ataenda mwenzako. Weye utaenda dépôt, utengeneze radio za maofisi."

Chef aliporudi kutoka matanga alikwenda moja kwa moja kwake. Alitoka baada ya muda mrefu, kofia mkononi. "Nimemuambia kosa ni yangu, sikuacha mukubwa wa kazi. Hataki kusikia." Halafu alinitazama. "Lakini ungekataa, Kahindo. Kukataa nako ni kazi." Maneno hayo yaliniuma kuliko ya Directeur.

Sitaki kudanganya kwamba dépôt, lile ghala la vyombo, ilikuwa jela. Nilijifunza radio mpaka nikawa nazitengeneza nikiongea na watu. Niliolewa, nilizaa, koti la Kinshasa nilimpa mdogo wangu. Ila muziki wa jukwaani niliukimbia. Radi walipokuja mara ya tatu, na ampli mpya kutoka Ubelgiji na wapiga tarumbeta wawili, watu walipita mbele ya nyumba yangu wakienda, wakapita tena wakirudi, na mimi nilikuwa nachambua maharage.

Jumapili moja baada ya misa, Papa Bahati, kinyozi wa mtaani kwetu, aliniomba nimtengenezee radio ya salon. Nilikaa pembeni na bisibisi yangu. Salon ilikuwa imejaa watu wasionyolewa. Kumbe kila Jumapili walikutana pale kubishana juu ya jambo moja tu: safari ipi ya Radi ilikuwa bora.

Papa Bahati alikuwa wa safari ya kwanza. "Walikuwa na njaa wale watoto," alisema, mkasi hewani. "Mutu mwenye njaa anapiga kweli."

Mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa miwani, alikuwa wa safari ya tatu. "Ya tatu ilikuwa safi. Kila chombo ulikisikia mahali pake. Ya pili hata msiitaje, gitaa lilikuwa bovu."

"Bovu?" Mama mmoja alisimama, kapu la samaki likiwa bado mkononi. Alikuwa Mama Zawadi, muuzaji wa sambaza, dagaa wa ziwani, wa soko la Kituku, na sauti yake ilitosha soko lote. "Mwalimu, weye masikio yako ni ya chaki. Ile gitare ilikuwa inalia!" Akafungua kinywa, akaliiga lile gitaa kwa koo lake, linapanda, linapanda, kisha linapasuka juu, *krraaa*, na salon nzima ikapiga makofi. Bisibisi ilinianguka. Aliiga mkwaruzo wangu bila kukosea, hata pale unapokatika na kurudi.

Nilipaswa kunyamaza. Lakini miaka yote ile sikuwa nimemwambia mtu, na maneno yalinitoka.

"Mama, ule ulikuwa mpasuko. Niliushona mie. Gundi haikukauka."

"Munaona!" mwalimu akapiga goti lake.

Mama Zawadi alinitazama kama mtu niliyemwibia. "Kwa hiyo nililia juu ya gundi?"

"Ulilia juu ya muziki," Papa Bahati alimwambia polepole. Lakini mama yule alikwisha kuinua kapu lake, akatoka.

Wiki ile sikupata raha. Siku ya nne nilimfuata Kituku. Nilimkuta ziwani kwenye meza yake, anapima sambaza kwa kikombe, mikono inang'aa magamba. Nilianza kuomba radhi, akanizuia.

"Nimefikiri," alisema. "Mwaka ule nilikuwa nimemuzika mutoto wangu. Watu wote walikuwa wananiambia maneno laini, laini, kila siku laini. Ile gitare peke yake haikuniambia maneno laini." Alijaza kikombe kingine, akakimimina kwenye jani, akanisukumia. "Kama ulikosea, mama, basi aksanti. Hizi peleka kwa watoto."

Nilirudi Katoyi na sambaza zangu, nikilia njiani kwa mara ya pili kwa sababu ya baffle ileile.

Mwaka uliofuata Radi walikuja tena. Citoyen Directeur alikuwa amehamishiwa Kisangani, na aliyekuja nyuma yake alikuwa mtu wa kucheka kwa urahisi. Régisseur, sasa na mvi, aliingia ofisini kwake akauliza habari za "ule mutoto mwanamuke wa sindano." Nikaitwa kutoka dépôt. Nyuma ya régisseur alisimama mpiga solo, kitambi kimemtangulia.

"Mama, ile siku ulifanya nini?" aliniuliza. "Miaka yote natafuta ile sauti. Nimekata membrane na wembe, zaidi ya mara moja. Inatoka kama radio imekufa."

"Si mpasuko," nilimjibu. "Ni gundi, ngumu juu na mbichi chini, na mishono inakataa kuachana."

Directeur mpya alicheka. "Basi mutengenezee kosa lake, citoyenne!"

Chef wangu wa zamani alikuwa amestaafu, lakini nilimtumia neno, akaja na fimbo yake akakaa. Nilipasua baffle nzima, nzima kabisa, mbele ya macho yake. Aligeuza uso. Nilishona, nikapaka, nikaleta pasi ya makaa. Shida ilikuwa moja: sikio langu lilikuwa limefunzwa kusikia kasoro tu, halikuweza kujua kasoro ipi ilikuwa nzuri. Nikamtuma mtu Kituku.

Mama Zawadi alikuja ananuka ziwa, Chef akampisha kiti chake, na mpiga solo akampigia.

"Bado," alisema. Nikaongeza mshono mmoja. "Bado. Hii ni ya mutu anajifanya analia." Nikarudisha pasi, safari hii nikiiondoa mapema. Gitaa likapanda, likapasuka. Mama Zawadi alifunika mdomo kwa mkono, na magamba ya sambaza yakabaki kwenye shavu lake.

Chef alijikuna kidevu. "Basi wacha waisikie," alisema.

Walipiga Jumapili alasiri, uwanja uleule. Juma lililofuata tulikuwa wote kwa kinyozi. Papa Bahati alibaki na safari yake ya kwanza. Mwalimu alikiri kwamba ya nne ilimtikisa, ila akarudi kwenye ya tatu kabla hajamaliza sentensi. Halafu watu wote walimgeukia Mama Zawadi.

"Ya pili," alisema.

"Kwani!" Nilipaza sauti. "Nimeiweka ileile, weye mwenyewe ulisema!"

"Ni ileile. Na ya ine ilikuwa tamu sana. Lakini safari hii nilikuja na furaha yangu kutoka nyumbani. Ile ingine walinipa wao."

Tangu hapo walinirudisha kwenye kikosi cha uwanja, na miaka mingi baadaye nikakalia kiti cha Chef d'atelier. Kinshasa sikuwahi kwenda. Wengi niliowafundisha walikuwa wepesi kuliko mimi, nami niliwafundisha kama nilivyofundishwa: gundi kidogo, subira nyingi, na usione haya kumwambia mkubwa kwamba kitu hakijawa tayari. Siku ya kustaafu nilisaini karatasi, tukanywa soda, nikaenda nyumbani kwa miguu. Sasa mkono unatetemeka, uzi hauingii tena kwenye sindano, na wala sihuzuniki. Nililala vizuri usiku mwingi kwa ajili ya kazi ile.

Vijana wanaosikia habari za Radi kwa wazee wao huja kuniuliza, maana wanadhani fundi ndiye anayejua: safari ipi? Nawajibu papo hapo, ya nne. Wanakaa vizuri wakingoja niwaeleze gitaa. Juu ya gitaa sina la kuwaambia. Wimbo wa pili ulipokwisha niliona membrane imeshika na sina kazi tena nyuma ya jukwaa, na Mama Zawadi akaja akanivuta mkono hadi mbele, mbele ya Directeur na wakubwa wake, nikiwa na gundi kwenye kucha. Tulicheza mpaka kiatu changu kimoja kikapotelea miguuni mwa watu. Nilisikia kinakwenda, na sikuinama kukitafuta.