Sentensi Tano za Mama Pasi

Kwenye chumba cha kufulia cha ile hoteli walimwita Mama Pasi, na jina hilo hakulipata kwa bahati. Miaka kumi na tisa alikuwa amesimama mbele ya mashine ya rola, akiilisha mashuka mabichi upande huu na kuyapokea upande wa pili yamenyooka kama karatasi. Hakuwahi kuunguza hata foronya. Kwa hiyo alipopewa barua ya onyo la mwisho kwa uzembe, aliisoma mara tatu akidhani imekosea njia.

Mambo yalikuwa hivi. Jumatatu aliandika kwenye daftari la mafundi kwamba mashine inapandisha joto kupita kiasi. Fundi hakutokea. Jumatano mchana msimamizi wake, bwana wa tai na haraka nyingi, akamwita stoo kuhesabu taulo. Mama Pasi akazima swichi, akaenda. Swichi ilizimika, joto halikuzimika. Aliporudi alikuta moshi umetanda, na rundo la mashuka lililokuwa mdomoni mwa rola limegeuka rangi ya kahawa.

Fomu za maelezo hotelini zilikuwa za Kiingereza tu. Mama Pasi aliacha shule mapema na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini alikaa, akauma kalamu, akaandika kwa mkono sentensi tano. Niliripoti mashine Jumatatu. Msimamizi aliniita stoo. Nilizima mashine. Nilikwenda stoo. Mashuka yaliungua.

Msimamizi aliipokea karatasi hiyo, akatabasamu. "Acha nikunyooshee Kiingereza, mama. Hiki cha darasa la tatu." Jioni akamletea karatasi iliyochapwa. Mama Pasi alikuwa amechoka hoi, miguu imevimba, akatia sahihi.

Sasa barua ya onyo ilikuwa imebandikwa nakala ya karatasi ile. Alikwenda nayo moja kwa moja kwa mama mkwe wake, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mwanamke ambaye hata salamu yako aliisahihisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uso umekuwaje huo?"

Akampa karatasi. Mama mkwe akavaa miwani, akasoma, kisha akapiga meza vikombe vikaruka.

"Hii hukuandika wewe!"

"Niliandika sentensi tano, mama. Kasema anazinyoosha." Akamtajia moja moja.

"Amezinyoosha au amezinyonga? Sikiliza, mwanangu." Akavuta kalamu. "Zako zilikuwa sahili. Kila moja imesimama kwa miguu yake, haimtegemei mtu. Angetia 'na' katikati, zingekuwa ambatano: mbili zimekaa bega kwa bega, hakuna mkubwa. Lakini huyu ametengeneza changamano. Ona hapa: mashuka yaliungua *because*, kwa sababu, nilikwenda stoo. Hiyo *because* imeifanya safari yako kuwa chanzo cha moto! Na kwenye mkia akaongeza 'ingawa nilijua mashine ni mbovu'. Kuripoti kwako kumegeuka kosa."

Mama Pasi alitazama lile neno. Kidogo hivyo! "Na pale nilipozima mashine?"

"Hapapo."

"Na aliponiita yeye?"

"Kapafuta. Nilifundisha sentensi hizi miaka thelathini, sikujua kuna mtu atazitumia kumbambikia mwenzake kesi."

Kesho yake asubuhi Mama Pasi alikuwa mlangoni kwa ofisa utumishi kabla ofisi haijafunguliwa. Msimamizi naye akaitwa.

"Naomba karatasi niliyoandika kwa mkono," alisema Mama Pasi.

Ofisa akafungua faili. Karatasi ilikuwemo humo humo, imebanwa nyuma ya ile iliyochapwa. Muda wote ilikuwa pale! Hakuna aliyejisumbua kugeuza ukurasa kabla ya kumwandikia mtu onyo la mwisho. Hilo lilimchoma kuliko moshi wa Jumatano.

"Nilimsaidia tu," msimamizi akasema. "Sentensi zake zilikuwa za kitoto. Nimeziunganisha zisomeke."

"Nani alikutuma uziunganishe kwa *because*?" Sauti ilipanda, naye hakuishusha. "Uliona wapi nimeandika *because*? Ulishindwa kuweka 'na'? Kiingereza changu kibaya, bosi, nakubali. Lakini hakikusema uongo. Chako kizuri ndicho kilichosema!"

Ofisa alikohoa, akaagiza daftari la mafundi. Ripoti ya Jumatatu ilikuwemo, na sahihi ya msimamizi chini yake.

Wiki moja baadaye barua mpya ilifika. Mama mkwe aliisoma akicheka kwa hasira. Ilikuwa sentensi moja ndefu, changamano na ambatano kwa pamoja: ingawa mashuka yaliungua, mfanyakazi hakuonekana kuwa na kosa na onyo limeondolewa, lakini anakumbushwa kuwa makini pale anapoondoka kwenye mashine.

"Wamekusafisha huku wanakupaka matope," alisema.

Mama Pasi hakusaini. Aliirudisha kwa mkono wake.

"Nataka fupi," alimwambia ofisa. "Sitaki 'ingawa', sitaki 'lakini'. Niandikie kwamba sikukosea. Halafu weka nukta."

"Mama, hizi ni taratibu za kiofisi tu."

"Basi nami nitakaa hapa kwa utaratibu."

Akavuta kiti, akaketi. Alikaa saa nzima na nusu, begi mapajani, huku simu kutoka chumba cha kufulia ikilia kuulizia mashuka ya ghorofa ya pili. Mwishowe ofisa akachapa upya. Barua ikawa na mstari mmoja na nukta yake.

Msimamizi hakuchukuliwa hatua yoyote. Alihamishiwa mapokezi, na watu walisema amepanda cheo. Hakuomba radhi hata siku moja. Wakipishana kwenye korido, yeye hutazama simu yake, na Mama Pasi humtazama yeye usoni mpaka apite.