Mbegu ya Kavugho Ndani ya Pipa

Siwapendi watu wanaozungumza na mimea. Kavugho nilimvumilia kwa sababu choo chetu ni kimoja na kamba ya kuanikia nguo ni moja. Alitoka milima ya Lubero, huko Kongo, akapanga chumba cha pili kutoka changu hapa mtaani Bwaise. Ndani ya kitenge alikuwa na viazi mviringo tisa, vyekundu, mbegu ya marehemu mama yake. Nilimwambia mafuta ya kukaangia ninayo. Hakucheka.

Sita alivipanda kwenye magunia nyuma ya nyumba. Mvua za Aprili zikaja, na Bwaise maji ya mtaro hayabishi hodi. Viazi vyote sita vikaoza. Kwao mtu akipoteza mbegu huenda kwa jirani ambaye yeye mwenyewe alimgawia zamani, na jirani humrudishia. Basi Kavugho akashinda kwenye simu wiki nzima. Alimpata binamu mmoja tu, aliyekimbia vita hadi mji wa Butembo, akaambiwa mashamba yameachwa na mbegu watu waliila njiani. Vilibaki vile vitatu juu ya kabati lake.

Anselme, fundi redio wa Nateete anayesali naye, ndiye aliyeleta pipa la bluu. Alikuwa amehudhuria mafunzo fulani ya kilimo. Alitoboa mfuniko matundu matatu, akashikiza kila chipukizi la vile viazi vitatu kwa kipande cha sponji ya godoro, majani juu, mizizi ikining'inia gizani ndani. Chini kulikuwa na maji yenye mbolea. Kila baada ya dakika chache pampu iliyavuta na kuyapuliza kwenye mizizi kama ukungu, kupitia vipulizio vyenye tundu dogo. Umeme ukikatika, betri ya pikipiki inashika zamu. Pipa likawekwa juu ya matofali, mafuriko yasilifikie. Mume wangu Olanya, ambaye ni polisi, alilizunguka mara mbili akauliza kama tunapika pombe ya waragi.

Nami nilidhani ni upuuzi, lakini mashina yalipanda. Kavugho alikatazwa kufungua mfuniko ovyo, kwa hiyo kila asubuhi aliweka sikio kwenye pipa. "Mizizi zinakunywa," aliniambia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala vizuri.

Wiki ya saba, nikiwa napiga pasi sare ya Olanya, alisimama mlangoni kwangu.

"Mama Adoch, kuya. Nimeviua."

Nilikwenda. Juu ya mfuniko, kuzunguka kila shina, palikuwa na tuta dogo la udongo, limepigwapigwa vizuri kwa kiganja.

"Sasa wewe nafanya nini hapa?" nilimuuliza. "Si Anselme nasema hakuna udongo?"

"Kwetu kiazi kikifika kwa goti, unakipandishia udongo. Niliamka, nikachukua beseni. Mikono ndiyo ilifanya. Sikuwaza."

Udongo ulikuwa umepenya kwenye matundu hadi majini, pampu ikaunyonya, na vile vipulizio vidogo vikaziba. Majani yalikuwa yameanza kulegea. Nilitaka kumgombeza, kisha nikamwona ameanza kuukwangua ule udongo kwa kucha, nikaona haya. Nilizima pasi nikaleta ile chupa ya kunyunyizia nguo maji.

Tuliinua mfuniko tukauweka juu ya stuli mbili, mizizi ikining'inia katikati, tukafunika pembeni kwa blanketi jeusi la Olanya. Tukanyunyizia kwa zamu. Mmoja ananyunyizia, mwingine anasafisha vipulizio kwa sindano. Kidole changu kilivimba. Sare ya afande ilibaki na makunyanzi, akaivaa hivyo hivyo. Anselme, ambaye Kavugho alimpigia simu, alifika saa kumi jioni akiwa na vipulizio vipya na ndoo ya maji safi. Udongo aliufuta tu kwa kitambaa, akaanza kufunga vipulizio. Mama yake naye ni wa Lubero.

Mashina mawili yalikauka wiki ile. La tatu liliinua majani siku ya nne, na Kavugho akalia mbele yangu bila kujificha.

Mwezi wa Agosti tulifungua pipa. Kwenye mizizi myeupe vilining'inia viazi kumi na kimoja, kikubwa kuliko vyote kikiwa sawa na yai la kuku wa kienyeji. Vyekundu. Nilimwambia mafuta bado ninayo, na safari hii alicheka.

Kisha akahesabu vitano, akavifunga kwenye leso, akanipa kwa mikono miwili. Nikamwambia asinitanie, mimi ni mtu wa Kitgum, kwenye joto na mtama, viazi hivi navijulia wapi, abaki navyo vyote.

"Vyangu vikioza," alisema, "nitakuya kuomba kwako. Kule hakuna tena mtu wa kuomba."

Nilipokea. Siku hiyo hiyo nikampigia Anselme, nikamwambia anitafutie pipa.