Vanishi Kwenye Gorfa ya Mama Mkubwa

Nilijifundisha mwenyewe kuandika mabango ya maduka, kwa kuiga herufi za magazetini. Kwa kuwa sikuwa na mwalimu, kila siku niliogopa kwamba mtu atagundua sijui kitu. Herufi moja ikipinda, nilifuta bango zima na kuanza upya.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, kina mama wa Isiolo waliamua kuonyesha vyombo vyao vya zamani ukumbini, ili watoto wa mjini wavijue. Waliniomba niandike vibao na masimulizi ya kila chombo. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na sikumwambia mtu jinsi nilivyofurahi.

Mama yangu mkubwa alileta gorfa yake kutoka Kulamawe. Ni chombo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi. Mama yake alimsukia kabla hajaolewa. Ilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka mingi, na mdomoni ilikuwa na kiraka cha ngozi. Alitoa sharti moja tu: irudi kabla ya harusi ya binti yake, kwa maana binti ndiye angeondoka nayo kwenda kwa mumewe.

Alinisimulia habari zake nikaandika. Miaka ya sitini, wakati wa vita, serikali ilipowafungia watu wetu kambini na ng'ombe wakaisha, gorfa ilikaa tupu.

"Tulikuwa tunafungua kifuniko, tunanusa," alisema. "Watoto wanauliza, maziwa iko wapi? Tunawaambia, iko njiani." Akacheka. Mimi nilikuwa nahangaika kama mistari yangu imenyooka.

Siku moja kabla ya maonyesho, kina mama wakiwa wamekwenda kuswali adhuhuri, nilitazama meza. Gorfa ilionekana chafu kando ya vikapu vipya. Nilijiambia kwamba wageni wangewacheka watu wetu. Ukweli ni kwamba niliogopa wangenicheka mimi. Niliisugua kwa sabuni, nje na ndani, kisha nikaipaka vanishi iliyobaki kwenye kazi ya mlango. Nilipaka mara mbili, hadi mdomoni. Sikumuuliza mtu.

Kesho yake ofisa mmoja aliisifu, nikasimama wima.

Kisha mama mkubwa akaingia. "Salaam aleikum," akasalimu wote, akaja moja kwa moja mezani. Akafungua kifuniko, akaingiza pua, akakaa hivyo.

"Umefanya nini hapa?"

"Nimepaka vanishi, mama. Isiharibike."

"Inang'aa kama kiatu ya askari!" jirani yake akadakia, wanawake wakacheka. Yeye hakucheka.

Aliichukua gorfa, nikamfuata hadi nyumbani kwetu alikofikia. Aliifukiza kwa makaa mara tatu, akiitikisa kama wanawake wetu wanavyofanya siku zote ili maziwa yanukie moshi. Kisha akamimina maziwa, akasubiri, akanipa mimi kwanza.

"Kunywa. Si wewe ndiye fundi?"

Nilikunywa. Yalikuwa na ladha ya mlango. "Si mbaya sana," nikasema, na hadi leo sijui ni kosa lipi kubwa, vanishi au maneno hayo.

Akaonja, akatema. "Ng'ombe walikufa wote, hii harufu ilibaki. Wewe umeimaliza mchana moja." Aliyamwaga maziwa, akaipangusa gorfa vizuri kwa leso yake, akaiweka mapajani mwangu. "Kaa nayo. Ni ya meza sasa."

Alipoondoka nilifungua daftari. Maneno yake ya kunusa yalikuwa pale, kwa mkono wangu, yameandikwa safi bila hata doa moja. Nilikuwa nimeyaandika bila kuyasikia.

Binti yake aliolewa akaondoka na gorfa iliyoazimwa kwa jirani. Sikwenda harusini. Nilituma salamu kwamba nina bango la haraka, nikashinda chumbani nikiwa sina bango lolote.