Uzi wa Kisutu Ndani ya Kamba

Kamba ya mkwezi haina sura. Ukiitupa chini pamoja na za wenzako, zote ni duara la usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, lenye rangi ya udongo, na jioni, watu wamechoka, kila mmoja anaokota iliyo karibu na mkono wake. Ugomvi huja asubuhi. Kamba ya miguu huzoeana na miguu ya mtu. Ya mwenzio ama itakubana ama itacheza, na ikicheza nawe uko juu ya mnazi, huko juu hakuna wa kumlalamikia.

Mimi nilikuwa mkwezi mpya. Kwetu Jang'ombe mnazi niliokuwa nikiujua ni mmoja tu, wa uani kwa jirani. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikatoka nikiwa kijana wa kuimba njiani na kuota ndoto mchana. Nikapata kazi ya kuangua nazi katika shamba moja upande wa Kidichi, nikawa nnakwenda na gari ya alfajiri na kurudi na ya jioni. Siku ya kwanza msimamizi alitwambia kila mtu atie alama vitu vyake, na iwe alama isiyofutika, maana yeye si kadhi wa kuhukumu kesi za kamba.

Kisu hakikunipa tabu. Nilitia msumari katika jiko la mama mpaka ukaiva, nikachora mpini kwa moto. Nilikusudia nyota.

"Umechora kaa?" mama akaniuliza.

"Naam, kaa," nikasema. Kikawa kisu cha kaa mpaka leo, na hakijapotea.

Kamba ndiyo iliyonishinda. Niliipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye mlango wetu. Gome la mnazi likaitafuna yote kabla wiki haijesha. Nikaifunga kitambaa, kikachanika. Kumbe nilikuwa nahangaika na nje ya kamba, na nje ya kamba ndiyo inayosuguliwa.

Kamba zetu zilisokotwa na bibi mmoja mjane wa Makunduchi aliyehamia karibu na shamba, yeye na binti wa ndugu yake. Walikaa barazani kwao, chungu ya usumba katikati, na yule binti akisokota kwa viganja viwili bila ya kuvitazama, kama mtu anayepasha mikono moto. Siku niliyokwenda kununua kamba yangu alinitupia jicho miguuni mara moja tu.

"Shangazi, huyu mfanyie pana. Miguu kama makasia."

Tangu siku hiyo nikayapenda makasia. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba nshamwona mtu. Mama hakuuliza mengi. Alianza kuhesabu ni wazee gani katika mtaa wanaojua kusema vizuri, wa kwenda kuniposea.

Ndipo nikaiona kamba ya Mtumbatu, mwenzetu mmoja aliyetoka kisiwa cha Tumbatu.

Mtumbatu huyu alikuwa mkwezi kuliko sote. Akipanda ungedhani mnazi ndio unaoteremka. Akipiga mluzi huku anakata, na akishuka kamba yake huivaa shingoni kama shada la maua. Siku hiyo aliiweka juu ya magogo penye banda la mbata, nami nikapita karibu. Ndani ya usumba, si juu yake, mlikuwa na utepe mwembamba wa kitambaa uliosokotwa pamoja na nyuzi: unazama, unaibuka, unazama, unaibuka, duara zima. Mwekundu na mweusi, na vitone vyeupe. Kisutu.

Hakuna mtu wa Unguja asiyejua kisutu ni kanga ya nani. Ni ya bibi harusi. Na mimi kisutu kilichopasuliwa nilikuwa nshakiona wapi? Magotini mwa yule binti, wiki ileile, akikichana vipande kwa meno.

Basi ikawa imekwisha. Nilijiambia wameshaposana, na yeye kamsokotea kamba kwa kanga yake mwenyewe, kila akipanda anapanda na harusi yake miguuni. Moyo wangu ulikuwa kama mtu aliyemeza pilipili kali akaambiwa acheke. Nikaanza kuyachukia masikio ya Mtumbatu, yalivyokaa. Nikauchukia mluzi wake, nao ulikuwa mluzi mzuri. Usiku niliukuta mdomoni mwangu mwenyewe, nikautema. Akinisalimu, "Vipi, mtu wa mjini?" namjibu kwa kukohoa. Mama nikamwambia asimwite mzee yeyote.

"Amekukataa?"

"Bado."

"Sasa huyo aliyekukataa ni nani, kama si wewe mwenyewe?"

Nilichokuwa nacho ni hamu ya kupata alama ya kuishinda ya Mtumbatu. Kama kisu kilikubali moto, kamba nayo itakubali. Nikauivisha msumari tena, nikaichoma kamba yangu pahala patatu, pakavu, pazuri, peusi. Ilinuka vibaya lakini ilipendeza. Nikaja nayo shambani nimeivaa shingoni, na mimi.

Nilikuwa sijafika hata nusu ya mnazi wa kwanza niliposikia sauti ya Mtumbatu chini.

"We mtu wa mjini! Shuka!"

"Nna kazi!"

"Shuka, nakwambia! Kamba yako inanuka moto. Usumba ukiungua si kamba tena, majivu hayo! Shuka taratibu, usiivute!"

Nilishuka. Alipoishika kamba akaikunja mara moja tu, pale penye alama, ikakatika kama mkate mkavu. Hakucheka. Ningefurahi angecheka. Mtu unayemwonea wivu kukuokoa shingo yako ni adhabu kubwa.

"Twende kwa bibi," akasema. "Huwezi kupanda na hii."

Tukaenda. Bibi alikuwa barazani, na binti yupo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nini tena?" Akaichukua kamba, akainusa. "Nani kaichoma hii? Unataka mamako aje kunililia mimi?"

"Nilikuwa natia alama," nikasema.

"Alama inatiwa kwa moto? Hii ng'ombe?"

Binti akainama juu ya usumba wake, mabega yanatikisika. Nami nikaropoka, maana nilikuwa nimeshaharibikiwa tayari: "Si kila mtu ana kisutu cha kutiliwa."

Mtumbatu akaniangalia, akaiangalia kamba yake, akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

"Kisutu hiki? Cha mke wangu hiki! Kanipa mwenyewe nilipotoka kwetu. Kasema nikiwa juu ya mnazi nikitazame, nikumbuke kushuka."

"Mimi nilikichana tu," binti akasema bila ya kuinua uso. "Kila mkwezi huleta kitambaa chake. Kisutu ndicho kizuri, hakichuji. Wewe hukuleta kitu, ukaenda zako unaimba."

Wakwezi wote walikuwa wakijua. Mimi wa Jang'ombe ndiye niliyekuwa nikichora kaa.

Na bado wivu haukutoka wote. Njia nzima nilikuwa nikiwaza: mwanamme mwenye mke mmoja hazuiwi kuoa wa pili. Na ule mluzi wake, anampigia nani?

Nyumbani nilimweleza mama habari ya kitambaa tu. Alifungua sanduku lake, akatoa kisutu chake, kile alichotolewa nacho ukumbini siku ya harusi yake, ambacho hata sisi wanawe tulikuwa haturuhusiwi kukigusa. Akachukua mkasi, akakata utepe pembeni, urefu wote.

"Mama! Hicho?"

"Mpelekee. Ataelewa."

Nilimpelekea. Binti aliushika ule utepe, akaupitisha vidoleni polepole, akatambua rangi ya kisutu cha zamani.

"Cha mamako?"

"Ndiyo."

"Kakata mwenyewe?"

"Kakata mwenyewe."

Alimtazama shangazi yake, na shangazi akajifanya anatafuta kitu ndani ya chungu ya usumba. Kisha binti akaketi vizuri akaanza. Utepe ukazama, ukaibuka. Mtumbatu, aliyekuja kuazima kisu, akasimama akatazama.

"Mbona yake unaisokota taratibu? Yangu ulimaliza huku unapika."

"Miguu yake mikubwa," akasema.

Ilipokwisha, kilibaki kipande kirefu kama kidole. Nikanyosha mkono nikipokee, nimrejeshee mama. Binti akakifunga kwenye pindo la kanga yake, akapiga mafundo mawili.

"Mwambie mamako kimebaki huku," akasema. "Akikitaka, aje mwenyewe."

Mama alikwenda Ijumaa iliyofuata, na wazee wawili wanaojua kusema. Mimi nilibaki nyumbani, nimeikumbatia kamba, naionea wivu kwa vile ilivyokaa mikononi mwa yule binti siku nzima.