Doa la Bibo

Nikifungua kopo la dawa ya viatu, mgongo hunyooka wenyewe.

Kule Nkowe, Jumatatu moja mstarini, mwalimu wa zamu aliona doa la bibo, lile tunda la mkorosho, kwenye sare yangu. "Mguu sawa," akasema kwa sauti aliyotoka nayo jeshini, akanichapa fimbo tatu. Wenzangu wakichapwa na mwalimu walikimbilia kwa baba. Wakichapwa na baba, walikwenda kwa mchungaji wetu wa Kibaptisti awaombee msamaha. Kwangu wote watatu walikuwa mtu mmoja, mwenye buti zilezile darasani na kanisani, nami ndiye niliyezisugua kila Jumamosi.

Jioni alinikuta nafua.

"Doa la bibo halitoki, mwanangu," akasema taratibu.

"Najua, Mwalimu."

Tulikuwa nyumbani, naye alikuwa ameshavua buti.